Mzigo huu ni wa nani? Kutoka mtumba wa mpagazi hadi begi la lita 58

Nimekuwa kimya humu kwa wiki kadhaa. Wasomaji wangu wa kila siku mtakuwa mmedhani nimezama tena kwenye kazi za wateja. Safari hii sivyo. Nilikuwa barabarani, kwa miguu, halafu nikawa kitandani nikiuguza mabega. Basi leo sitaandika juu ya programu wala seva. Nitaandika juu ya begi la mgongoni, lile ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita shanta. Najua, begi! Lakini vumilieni kidogo, maana nimesoma juu ya kitu hiki kuliko nilivyosomea mtihani wowote chuoni.

Mpango ulikuwa kutembea kutoka hapa Kitengela hadi Namanga, zaidi ya kilomita 130, kwa siku tano. Ningepita Isinya, Kajiado na Bissil, nikifuata njia za ng'ombe kando ya barabara kuu kila inapowezekana. Begi nililinunua mitumba. Lilikuwa na lita 75, nami nililichagua kwa sababu moja tu: lilikuwa kubwa. Mtu wa kompyuta huwaza hivyo, kwamba nafasi zaidi haijawahi kumdhuru mtu. Nikalijaza mpaka likafura.

Shosho alikuwa ametutembelea kutoka Murang'a. Usiku ule alikaa kwenye kochi akinitazama nikihangaika na zipu.

"Mzigo huu ni wa nani?" akauliza.

"Ni wangu, shosho."

"Unaupeleka wapi?"

"Namanga."

"Halafu unamwachia nani huko?"

"Simwachii mtu. Narudi nao."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Maisha yake yote amebeba kuni, maji na viazi, na kila mzigo ulikuwa na mahali pa kutuliwa. Kubeba kitu kilomita 130 ili ukirudishe nyumbani kilekile, hilo lilikuwa jipya kwake.

Siku ya kwanza nilifika Isinya nikiwa hai. Siku ya pili, kabla ya saa sita mchana, mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa jinsi mikanda ilivyokata mabega. Nikaketi chini ya mgunga nifikirie nipunguze nini. Begini mlikuwa na hema, chakula, blanketi, maji lita sita, na tarakilishi yangu ya mkononi pamoja na chaja yake, kwa sababu mteja mmoja alikuwa na mfumo unaoanza kutumika wiki ileile na niliogopa kupigiwa simu nikiwa sina pa kufanyia kazi. Ndugu msomaji, unajua nilipunguza nini? Nilimwaga lita mbili za maji. Tarakilishi nikaiacha ndani.

Saa tisa maji yalikuwa yamekwisha na Kajiado haijaonekana. Aliyenikuta ni mama mmoja wa Kimaasai na punda wake wawili, kila punda na mitungi miwili ya lita 20, mmoja kila ubavu. Akanipa maji bila kuulizwa, kisha akanitazama nikinywa.

"Kijana, maji yako yako wapi?"

"Nimeyamwaga, mama. Yalikuwa mazito."

Hakusema neno. Afadhali angenitukana. Nilifika Kajiado jioni, nikapanda matatu, nikarudi nyumbani.

Nikiwa kitandani nilianza kusoma, nikitaka tu kujua begi gani jepesi lingenifaa. Lakini kila nilichosoma kilinirudisha kwenye swali la shosho, na kwenye neno moja ambalo nilikuwa nalitamka kila siku bila kulifikiria. Neno hilo ni mtumba.

Leo mitumba ni nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani. Lakini karne ya 19 mtumba ulikuwa mzigo wa nguo wa mpagazi, robota lililofungwa kwa ajili ya bega la mtu mmoja. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipima mizigo kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mzigo wa kawaida ulikuwa kati ya ratili 60 na 70, yaani kilo 27 hadi 32, karibu frasila mbili. Juu yake mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha, na posho yake. Hilo nalo ni neno la misafara. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, na sisi mpaka leo tunapeleka mahindi kwa mashine ya posho.

Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia ya Tabora mwaka 1857, alieleza jinsi mtumba ulivyofungwa. Nguo zilikunjwa zikabanwa mpaka robota likawa refu na gumu kama mto wa kulalia. Likafunikwa mkeka, likazungushiwa kamba, kisha vikafungwa vijiti vya kulishika lisipinde, vikiwa na panda upande mmoja. Mpagazi akichoka, aliuegemeza mzigo wake kwenye mti, ukasimama. Hakulazimika kuulaza chini ukalowa, wala kuinama kuuinua upya. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Mafundi wa Magharibi walikuja kuuza wazo la fremu kama uvumbuzi mkubwa, na hawa jamaa walikuwa nayo njiani, ya vijiti.

Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi kwa kazi hii, nao walibeba begani. Watu wa pwani wengi walipenda kubeba kichwani. Usidhani walikuwa watu wa kuburutwa tu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, anawaonyesha kama wafanyakazi waliojua thamani yao. Waligombania uzito kabla ya msafara kuondoka, waligoma, na ikibidi walitua mizigo wakaenda zao. Kiongozi wa msafara aliyezidisha mizigo alijikuta amekaa porini na marobota yasiyo na wa kuyabeba.

Misafara hiyo ilipita hapahapa kwetu. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskochi kijana wa miaka 25, aliondoka Taveta kwenda Umaasaini pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizi kabla yake. Mizigo ilikuwa ushanga, nguo na senenge, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo Wamaasai walikubali kuvipokea kama hongo ya kupita. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 anataja Matumbato, kisha uwanda wa Kapte, kabla ya kufika Ngongo Bagas. Ukiyasoma majina hayo kwa sauti utayatambua: Matapato, Kaputiei, Ngong. Kaputiei ndiyo sehemu hii ya Kitengela na Isinya. Nilipokaa chini ya mgunga na tarakilishi yangu, nilikuwa nimekaa mahali ambapo watu walipita na kilo 30 za senenge begani. Tofauti ni kwamba senenge ile haikuwa yao.

Miaka 31 baadaye mizigo ikarudi njia hiyo, safari hii ya vita. Mwaka 1914 Waingereza waliitumia barabara ya Kajiado na Namanga kuwaendea Wajerumani waliokuwa mlima Longido, ng'ambo tu ya mpaka. Tarehe 3 Novemba 1914 walishambulia, wengi wao wakiwa askari kutoka India. Mlimani hapakuwa na maji ya kuwatosha, hivyo maji yaliletwa na nyumbu. Asubuhi ile Wajerumani waliokuwa juu ya farasi wakauvamia msafara wa vifaa, na nyumbu kama 100 waliobeba maji wakatimka. Usiku jeshi zima likateremka likarudi Namanga mikono mitupu. Mimi sikuhitaji Wajerumani. Nilimwaga mwenyewe.

Baada ya hapo vita vile vikawa vya miguu ya watu. Wanyama walikufa kwa ndorobo, magari yakazama matopeni, na mzigo ukarudi kwa binadamu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, sisi tukakiita Kariakor. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa wa kukusanya vijana mikoani. Babu yake shosho alichukuliwa katika msako huo. Familia haina barua, haina picha, haina kaburi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, na waliouawa na maradhi ya kuhara, malaria na nimonia ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali, haikuwafikia jamaa zao. Kilichobaki ni majina ya mahali: soko la Kariokor hapa Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam, na sanamu tatu za shaba za mwaka 1928 pale Kenyatta Avenue, ambazo watu wengi hupiga nazo picha wakingoja mvua ikatike.

Mpagazi wa msafara aliweza kubishana juu ya frasila. Mpagazi wa Kariakor hakuwa na wa kubishana naye. Hapo nikaelewa kwa nini historia ya begi jepesi imechelewa hivi. Mtu anayepanga uzito akiwa si yeye anayebeba, kwa nini ahangaike na gramu?

Shosho ana mfereji kwenye utosi wake. Ukimshika kichwa, chini ya kitambaa, unauhisi kwa kidole: alama ya mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita mbele ya kichwa na kushika kuni mgongoni. Tulipokuwa wadogo tulidhani kila nyanya huzaliwa nao. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, waliowapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba kwa mukwa. Waligundua kwamba mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao walitembea bila kutumia hewa ya oksijeni zaidi ya wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Dunia ikashangaa. Wengine walipima upya baadaye, na mwaka 2010 utafiti wa wanawake wa Afrika Kusini haukuona kwamba kichwa kinashinda mgongo kwa ujumla. Watu walitofautiana mno. Kwa hiyo msianze kujifunga mikanda vichwani. Nilichochukua mimi ni ile namba, asilimia 20, kama mahali pa kuanzia hesabu. Mfereji wa shosho unanitosha kama ushahidi kwamba hata mbeba hodari hulipa.

Upande wa pili wa dunia, watu walioanza kujibebea wenyewe kwa starehe walikumbana na tatizo lilelile. Mifuko yao ilikuwa ya turubai, ikining'inia mabegani. Mwaka 1952, huko California, seremala aitwaye Dick Kelty alianza kuuza mabegi yenye fremu ya mabomba ya alumini, mke wake Nena akishona. Inasimuliwa kwamba yeye na rafiki yake walikuwa matembezini milimani, wakachomeka ncha za fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, na mabega yakapumua. Kutoka hapo ukaja mkanda wa kiunoni. Uzito ukihamia kwenye mifupa ya nyonga, miguu inaubeba moja kwa moja na mabega yanabaki kuushika usiyumbe. Mama yeyote aliyewahi kufunga mbeleko angemweleza Kelty jambo hili bure. Nailoni, iliyotengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935, ikachukua nafasi ya turubai, na mwaka 1967 Greg Lowe akaiingiza fremu ndani ya begi.

Halafu, kama programu zinavyofura kila toleo jipya linapotoka, mabegi nayo yakafura. Mifuko juu ya mifuko, zipu, povu, vifungo. Begi tupu likafika kilo tatu.

Waliolipunguza hawakuwa wenye viwanda. Mwaka 1955 bibi wa miaka 67, mama wa watoto 11, aitwaye Emma Gatewood, alitembea njia nzima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,200, akiwa na mfuko wa jinzi alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Watu waliona ni kioja. Miaka ya 1990 ndipo akaja Ray Jardine. Huyu ni mwenzetu: alikuwa mhandisi wa mambo ya anga aliyefanya kazi ya kuigiza safari za angani kwa kompyuta. Yeye na mke wake walitembea njia ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 4,200, zaidi ya mara moja, kila mara na mzigo mwepesi kuliko wa kwanza. Kitabu chake cha mwaka 1992 kilisema, kwa ufupi, usianze na begi. Punguza kwanza vilivyomo, begi lenyewe litakuwa dogo. La kwake la kushona mwenyewe lilikuwa chini ya nusu kilo, halina fremu. Ni kanuni tuliyofundishwa darasani: pima kwanza programu inapopoteza muda, ndipo uirekebishe.

Nikachukua mizani ya kuning'iniza nikapima kila kitu, jambo nililopaswa kufanya kabla ya kuondoka. Begi kilo 3.1. Hema 3.4. Blanketi na nguo 2.2. Maji 6. Chakula 2.5. Tarakilishi, chaja na nyaya 2.2. Jumla kilo 19.4, nami nina kilo 64. Hiyo ni asilimia 30. Asilimia 20 yangu ni kilo 12.8.

Lakini ushauri wa Jardine haushuki hapa kwetu mzimamzima, na hili sikuliona limeandikwa popote. Begi dogo la lita 35 humtosha mtu mwenye mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata unaoingia kwenye kikombe. Mimi nina mashuka mawili ya Kimaasai na blanketi jepesi. Si vizito sana, ila vinajaza nafasi. Vitu vya bei yetu ni vinene. Pia mwenzangu wa milima ya Marekani anavuka vijito. Mimi navuka Kaputiei wakati wa kiangazi na lita sita mgongoni. Kwa hiyo nahitaji begi kubwa lililo jepesi, tena lenye fremu kidogo, kwa sababu begi lisilo na fremu huanza kulegea na kuvuta mabega ukipita kilo kumi hivi.

Nikaenda Gikomba mara tatu. Robota la mitumba siku hizi huwa na kilo 45, na bado nililiona moja likipita begani mwa kijana mmoja katikati ya matope, huku akipiga kelele tumpishe. Tumpishe! Kilo 45. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro leo wamewekewa kikomo cha kilo 20 za mzigo wa mgeni, na hupimwa langoni. Burton angemwona huyu wa Gikomba angeandika ukurasa mzima.

Begi nililolipata lina nondo mbili nyembamba za alumini ndani, na mkanda wa kiunoni unaokaa juu ya mfupa wa nyonga. Huo mkanda uvae kabla ya kulipa, ndugu, ukiwa umeomba muuzaji akutilie jozi kadhaa za viatu ndani. Pima pia mgongo wako, kutoka ule mfupa unaojitokeza shingoni ukiinama hadi usawa wa nyonga. Wangu ni sentimita 46, na begi la kwanza lilikuwa la mtu mrefu kuliko mimi. Ndiyo maana mkanda wake ulinikaa tumboni ukawa pambo. Lebo ilisema lita 58. Siamini lebo za mitumba, nikalijaza maranda ya kuku kwa ndoo ya lita 20 bila kushindilia. Likala ndoo tatu kasoro kidogo. Fundi viatu wa hapa mtaani akaliondolea mfuniko wa juu na mikanda isiyo na kazi, likatoka kilo 1.3 likabaki 1.1.

Hema nimeacha, nimechukua turubai jepesi na kamba, gramu 900. Mashuka na blanketi kilo 1.4. Chakula 2.5. Tochi, dawa na betri ya simu gramu 600. Maji ni yaleyale kilo 6, katikati ya begi, karibu na uti wa mgongo. Jumla 12.5. Tarakilishi haimo, mteja nimemwambia wiki ile sipo, na cha ajabu hakusema chochote.

Naondoka tena baada ya mvua. Juzi shosho alikuja, nikamwekea begi mlangoni. Alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalitikisa, akalitua.

"Na maji?" akauliza.

"Bado sijayatia, shosho. Ni kilo sita zaidi."

Akavuta kiti akakaa.

"Haya yatie, nilinyanyue tena."